Talaka, ulezi na zamu za mtoto: kupata msaada wa sheria Lamu na Malindi

Kabla ya kuandika chochote, tenganisha mambo matatu ambayo ugomvi huyafunga furushi moja: ndoa yenyewe, mtoto, na mali. Kila moja lina sheria yake, na mara nyingi lina mlango wake. Anayeingia mahakamani na kutaka yote kwa karatasi moja hurudishwa masjala, au hupewa nusu ya alichoomba na nusu ikabaki ikining'inia. Miezi inayopotea hapo humwangukia mtoto. Ada hailipwi, na hajui Idi ikifika atalala kwa nani.

Mlango upi

Waislamu wawili huenda Mahakama ya Kadhi, Lamu mjini au Malindi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeweka masharti mawili: wote wawili wawe Waislamu, na wote wakubali kuamuliwa hapo. Mmoja akikosa sharti hata moja, jambo linakwenda kwa hakimu. Ndoa ya kanisani, ya bomani, ya Kihindu na ya kimila, zote huvunjwa na hakimu. Mahakama za mahakimu ziko Lamu, Mpeketoni na Malindi.

Kuhusu ndoa za kimila, hasa pande za Malindi: wazee wakikaa, wakasikiza na mahari ikarudishwa, ndoa bado haijavunjika kisheria. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu usuluhishi wa kimila kutangulia, lakini anayevunja ni mahakama. Wapo watu walioolewa upya wakidhani wameachwa, na tatizo likaja kuonekana siku ya mirathi.

Mambo ya mtoto husikizwa na Mahakama ya Watoto, yaani hakimu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Kadhi naye husikiza ulezi na masurufu (pesa za matumizi) ya watoto pamoja na talaka, na familia nyingi humaliza hapo hapo kwa amani. Ila majaji wa Mahakama Kuu wamepishana kuhusu mamlaka hayo. Kwa hivyo, kama mwenzako ni mtu wa kupinga kila hatua, jambo la mtoto lipeleke Mahakama ya Watoto tangu mwanzo, ili asije akaivuruga amri baadaye kwa hoja ya mamlaka. Usifungue sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kesi ya pili husimamishwa, na wewe huonekana mtu wa kuzungukazunguka.

Mama ambaye hakuolewa na baba wa mtoto aende Mahakama ya Watoto moja kwa moja. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa wa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Baba akimkana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha DNA.

Kwa Kadhi

Chukua cheti cha ndoa, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama ndoa haikuandikishwa, tafuta aliyewaozesha, walii aliyemsimamia bibi harusi, na mashahidi wawili waliohudhuria akidi ya ndoa. Kadhi atataka ndoa ithibitike kwanza ndipo azungumze talaka. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu shahidi mmoja yuko Arabuni na mwengine kesha fariki. Anza kuwatafuta mapema.

Mume akishatoa talaka nyumbani, kwa mdomo, kwa ujumbe wa simu au kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ihifadhi na uipeleke isajiliwe. Kadhi atauliza maneno yaliyotamkwa, idadi ya talaka, siku, na kama mke alikuwa mjamzito. Tarehe ndiyo muhimu zaidi. Edda, muda wa mke kungoja kabla ya kuolewa tena, huanza siku ya talaka, haingoji siku ya kupata hati: vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi kwa anayepata siku zake, miezi mitatu kwa asiyepata, na kwa mjamzito mpaka ajifungue. Katika talaka rejea, ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, mke aliye eddani ana haki ya nafaka, yaani matumizi, na makao. Lamu nyumba nyingi ni za wake, wamepewa na wazazi wao, na ni mume anayetoka. Hata hivyo, uwe na karatasi ya nyumba au mashahidi wa kuwa ni yako, kwa sababu ndugu wa mume huja na madai ya ukarabati.

Mke anayetaka kutoka ana njia mbili, na tofauti yake ni pesa. Khului ni kujivua kwa kurudisha mahari au kile mlichokubaliana. Faskhi ni Kadhi kuivunja ndoa kwa sababu zilizothibitika: mume hatoi matumizi, ametoweka, anapiga, ana ugonjwa unaozuia ndoa. Wanawake wengi huharakisha khului kwa kuchoka tu, wakarudisha mahari, ilhali walikuwa na kila sababu ya faskhi. Usikubali khului kabla hujamweleza mtu wa sheria unayoyapitia. Mahari ambayo hayajalipwa ni deni. Yadai kwa ombi hilo hilo, pamoja na nafaka ya edda na mut'a, kitulizo anachopewa mke aliyeachwa.

Wengi huogopa kwamba ushahidi wa mwanamke kwa Kadhi hauna uzito. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mahakama za Kadhi kinasema mashahidi wote wasikizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na jambo liamuliwe kwa kuaminika kwa ushahidi, si kwa hesabu ya mashahidi. Jirani mmoja aliyeona kwa macho yake ana thamani kuliko watatu waliosikia.

Kwa hakimu

Ombi la talaka lazima litaje sababu inayotambuliwa na Sheria ya Ndoa, kwa mfano uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, kutelekezwa, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka. Andika matukio, na kila tukio na tarehe yake au angalau mwezi. "Alinitesa sana" haimpi hakimu kitu cha kushika. Baada ya hukumu kuna hatua mbili, amri ya muda kisha ya mwisho. Usifunge ndoa nyengine ukiwa na amri ya muda peke yake.

Mali ina kesi yake chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na Waislamu wanaweza kuchagua sheria ya Kiislamu itumike. Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya papo hapo. Kila mmoja huthibitisha mchango wake. Mchango si pesa tu: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia duka au shamba, vyote huhesabiwa. Shamba likiwa halina hati miliki, majirani wa mpaka ndio ushahidi wako.

Mtoto

Mahakama haiulizi nani kamkosea nani. Huuliza mtoto atafaidika wapi: nani amekuwa akimlea, anasoma wapi, yuko na nani kila siku, anataka nini akiwa mkubwa wa kueleza, na desturi na dini ya jamii yake. Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 10, mara nyingi hubaki na mama pasipo sababu nzito ya kinyume. Katika sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Shafi, iliyo ya watu wengi wa Lamu, mama ana hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto, mpaka mtoto afikie kupambanua, karibu miaka 7, kisha mtoto huchagua. Baba asisome hayo akadhani amefungiwa mlango. Kukaa na mtoto na kumwona mtoto ni mambo mawili, na la pili ni haki ya mtoto mwenyewe.

Bibi na babu pia wana njia. Sheria inaruhusu amri ya kumtaka anayekaa na mtoto amwache mtoto amtembelee mtu aliyetajwa kwenye amri. Kwa watoto wetu, ambao wengi wamelelewa mikononi mwa bibi, hii si amri ndogo.

Anzia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, Lamu au Malindi. Huduma yake ni bure. Atamwita mwenzako na kuwakalisha, na mkikubaliana, atawasaidia kuandika makubaliano ya malezi. Makubaliano hayo yapelekwe Mahakama ya Watoto yafanywe amri. Karatasi iliyobaki kwenye faili ya ofisi haimbani mtu siku akigeuka. Mkishindwana, afisa huyo huyo ndiye ambaye mahakama humtuma nyumbani kwenu kuandika ripoti. Akija, mwonyeshe anapolala mtoto, daftari zake za shule na kadi yake ya kliniki. Usimfundishe mtoto la kusema. Afisa hulijua neno la kufundishwa.

Makubaliano mengi huvunjika kwa sababu ya sentensi moja: "Baba ataruhusiwa kumwona mtoto kwa wakati unaofaa." Unaofaa nani? Andika kiasi kwamba askari asiyewajua akiisoma ajue leo mtoto anatakiwa awe wapi. Kwa mfano:

"Baba atamchukua mtoto Ijumaa ya pili na ya nne ya kila mwezi, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwa bibi mzaa mama, Langoni, na kumrudisha hapo hapo Jumapili saa kumi na moja jioni. Chuo cha Kurani cha Jumamosi asubuhi hakitakatizwa, baba atampeleka. Likizo za Aprili, Agosti na Disemba zitagawanywa nusu, nusu ya kwanza kwa mama. Idi ya Mfunguo Mosi (baada ya Ramadhani) mwaka huu kwa mama, ya Mfunguo Tatu (ya kuchinja) kwa baba. Mwaka unaofuata watabadilishana. Siku ya Idi ni ile itakayotangazwa na Kadhi Mkuu. Mtoto ataongea na mzazi asiyekuwa naye Jumanne na Alhamisi, saa moja usiku, kwa simu ya bibi. Atakayechelewa zaidi ya saa moja atatoa taarifa kwa ujumbe wa maandishi."

Angalia yaliyomo: siku, saa, mahali, nani anasafirisha, chuo, mwezi wa Idi, simu ya nani. Wakazi wa Faza, Siyu, Pate na Kizingitini waongeze bahari. Boti hungoja maji yajae ndipo zipite Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka. Kwa hivyo andika: "Bahari ikizuia safari, mtoto atarudishwa kwa boti ya kwanza itakayoondoka, na siku zilizopotea zitafidiwa wikendi inayofuata." Bila ya sentensi hiyo, dhoruba ya siku moja hugeuka shutuma ya kuiba mtoto. Mzazi aliye kazini Arabuni aandikiwe saa za simu kwa majira ya Kenya: Saudia ni sawa na sisi, Dubai imetangulia kwa saa moja.

Kukiwa na hofu ya ulevi au mkono mwepesi, omba baba au mama amwone mtoto mbele ya mtu mwengine, kwa jamaa anayeaminika au ofisini kwa afisa wa watoto, kisha mahakama iangalie upya baada ya muda.

Masurufu

Kila upande huandika hati ya kiapo ya mapato. Andika gharama kwa hesabu inayofuatika. "Chakula, 15,000" haimshawishi hakimu. "Chakula cha watoto wawili, shilingi 250 kwa siku, siku 30: 7,500" humshawishi. Endelea hivyo na ada, chuo, sare, nauli, michango ya bima ya afya ya SHA, na sehemu ya kodi ya nyumba. Weka risiti kwa mpangilio wa miezi.

Mapato ya mwenzako yakiwa hayana karatasi ya mshahara, onyesha anachomiliki: boti, pikipiki, ngalawa na nyavu, duka, chumba cha kupangisha. Mvuvi hapati Julai anachopata Januari, na mfanyakazi wa hoteli Malindi hapati Mei anachopata Disemba. Omba viwango viwili vya msimu. Amri anayoweza kuitekeleza mtu huleta chakula mezani, na amri iliyozidi uwezo wake hurudi mahakamani kila mwezi.

Lipa na lipwa kwa M-Pesa, kwa laini ya mwenyewe, si mkononi wala kupitia kwa shemeji. Taarifa ya miamala hupatikana kwa *334#. Picha za mazungumzo ya WhatsApp ziambatanishwe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kitakachoeleza zilitolewa simu gani na nani alizichapisha. Ushahidi mzuri hukataliwa kwa kukosa ukurasa huo mmoja.

Na hili tunalisema kwa uchungu, kwa kuwa ndilo linalowaumiza watoto kupita yote: masurufu na kumwona mtoto havilipani. Baba asipoleta pesa, mama hana ruhusa ya kumficha mtoto. Mama akimficha mtoto, baba hana ruhusa ya kuacha kulipa. Mahakama huwaona wote wawili wamevunja amri.

Ukipigwa

Usingoje talaka. Nenda hospitali kwanza, kisha polisi uchukue fomu ya P3, ya daktari kuandika majeraha, ambayo haiuzwi. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaiwezesha mahakama kutoa amri ya kinga ya muda hata kabla mwenzako hajasikizwa, ikamzuia kukaribia nyumba, shule ya mtoto na kazini kwako. Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195, na ya kumwokoa mtoto ni 116.

Nani atakusaidia

Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, humsaidia asiyejiweza na mtoto, na mambo ya familia yamo. FIDA Kenya, shirika la wanasheria wanawake, huwashughulikia wanawake na watoto, na shirika la Kituo cha Sheria humpokea yeyote asiye na uwezo. Mashirika haya mawili yana ofisi Mombasa. Piga simu kwanza kabla ya kulipa nauli, uulize watakuja lini Malindi au Lamu, na kama kuna msaidizi wa kisheria karibu nawe. Wengi hupewa mwongozo wa kujiwakilisha, na kwa kesi ya masurufu isiyo na utata hilo latosha.

Ukiajiri wakili, tafuta jina lake kwenye orodha ya mtandaoni ya Chama cha Mawakili Kenya uone kama ana cheti cha mwaka huu. Mpatane ada kwa maandishi, ikitajwa inashughulikia nini: talaka peke yake, au na mtoto pia. Dai risiti. Anayekaa nje ya mahakama na kukuandikia kesi kwa pesa bila kuwa wakili anaweza kukuharibia jambo zima. Kama ada za mahakama zenyewe zimekushinda, mwambie karani unataka kuomba kufungua kesi kama mtu asiyejiweza. Utaratibu huo upo kwenye Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, Amri ya 33.

Siku ya mahakama, na baada yake

Kesi hufunguliwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama. Ukikosa kompyuta, karani wa masjala au saiba itakusaidia, lakini nambari ya siri iwe yako. Samansi lazima imfikie mwenzako na aliyeipeleka aape kwamba imefika. Akiwa ng'ambo au amejificha, omba ruhusa ya kumfikishia kwa barua pepe au WhatsApp, jambo lililoruhusiwa na kanuni tangu 2020.

Anayetoka visiwani aangalie maji siku mbili kabla na alale Lamu mjini usiku wa kuamkia kesi. Kesi ya kutajwa tu, isiyo na ushahidi wa kusikizwa, inaweza kufanyika kwa video ya mtandaoni ya Teams. Omba mapema, uwe mahali penye mtandao. Ukikosa kufika bila taarifa, kesi inaweza kufutwa au kuendelea bila wewe.

Mahakama ikiwapeleka kwa mpatanishi, muda wake ni siku 60. Nenda ukiwa na ile rasimu ya zamu uliyoiandika. Anayekuja na karatasi huongoza mazungumzo.

Kwa mzazi wa Malindi ambaye mwenzake ni raia wa nchi nyengine: kama una hofu ya mtoto kupelekwa nje, omba amri ya dharura ya kuzuia asitoke Kenya, na siku hiyo hiyo ipeleke nakala iliyopigwa muhuri Idara ya Uhamiaji na kwa polisi. Pasipoti ya mtoto iombewe ihifadhiwe mahakamani. Ndege ikishaondoka, kazi ya wiki moja huwa ya miaka.

Amri ikivunjwa, usiende kumnyakua mtoto mwenyewe. Andika tarehe na saa ya kila mara ulipofika ukamkosa, pamoja na jina la uliyekuwa naye, kisha rudi kwa mahakama ile ile. Inaweza kuamuru mtoto aletwe, mshahara ukatwe, au aliyekaidi afungwe. Hali ikibadilika, mtu akapoteza kazi, akahama au mtoto akaanza bweni, omba amri ibadilishwe kabla hujaacha kuifuata.

Rufaa hukatwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Ikitoka kwa Kadhi, jaji hukaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi siku ile ile hukumu inaposomwa, kwa barua yenye muhuri wa masjala. Nakala huchelewa, na barua hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba wewe hukuchelewa.